BUSTANI NYUMBANI, NURU MACHONI

Somo la afya: Mboga na nyasi kuzunguka nyumba



Leo tutajifunza namna ya kutunza eneo linalozunguka nyumba zetu. Tutaona jinsi ya kulima bustani ndogo ya mboga, na jinsi ya kutunza nyasi fupi uani. Somo hili ni la mtu anayeanza. Huhitaji trekta wala mkopo. Jembe, panga, ndoo na mbegu kidogo vinatosha.

Huenda mmoja wenu anajiuliza: "Huyu ni mganga wa zahanati. Mbona anatuambia habari za jembe? Kwani bwana shamba amekwenda wapi?" Swali hilo ni la haki. Ngoja nilijibu kwa kueleza jambo lililotokea katika zahanati ninayofanyia kazi, katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba na viazi vitamu huku kanda ya ziwa.

MTOTO ALIYEOGOPA JIONI

Mwezi wa Agosti mama mmoja alileta mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto alikuwa ameugua surua mwezi uliotangulia. Mama alisema, "Mganga, mchana anacheza vizuri. Jua likizama anakaa mlangoni kama kuku. Hataki kutembea. Akitembea anajikwaa kwenye mafiga. Bibi yake anasema ni deko."

Nilimtazama macho. Weupe wa jicho ulikuwa mkavu, hauna mng'ao. Haikuwa deko. Mtoto alikuwa haoni kwenye mwanga hafifu. Hiyo ni dalili ya mwanzo ya upungufu wa vitamini A, ugonjwa tunaouita ukavu wa macho.

Nilimpa matone ya vitamini A siku ile, nikampa tena siku ya pili, na dozi ya tatu baada ya majuma mawili. Kisha nikamwuliza mama, "Nyumbani mnakula mboga gani?" Akajibu, "Wakati huu? Tunakula ugali na dagaa wakipatikana. Asubuhi michembe na chai. Mboga kiangazi hiki tutazitoa wapi, mganga?"

Familia ile haikuwa na njaa. Ghala lilikuwa na michembe na mahindi, na pamba ilikuwa imekwisha kuuzwa. Lakini tangu mwezi wa Juni hakuna jani la kijani lililoingia katika chungu chao. Mtoto alishiba kila siku, na huku macho yake yanakufa taratibu.

Mtoto yule aliwahi. Mwingine, msichana mdogo, aliletwa akiwa amechelewa. Kioo cha jicho lake la kushoto kilikuwa na doa jeupe. Doa la namna hiyo ni kovu, na matone ya vitamini hayawezi kuliondoa.

Ndiyo sababu mganga anazungumza habari za jembe. Matone tuliyo nayo zahanati ni kinga nzuri, na kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapaswa kuyapata kila baada ya miezi sita. Lakini mwili unahitaji chakula kila siku. Zahanati haiwezi kukupikia mboga. Bustani iliyo mlangoni pako inaweza.

KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Kabla ya kufundisha, lazima niungame. Nilipofika kijijini, nimetoka chuoni na cheti changu kipya, niliitisha mkutano wa usafi wa mazingira. Niliwaambia watu wang'oe nyasi zote kuzunguka nyumba mpaka uonekane udongo mtupu. Nilitaka kuondoa nyoka na panya. Wananchi walitii. Zahanati yenyewe ilikuwa ya kwanza, na nililima ukoka wote kwa mkono wangu.

Mvua za vuli ziliponyesha, maji yalishuka mlimani yakakuta udongo mtupu. Yalichimba mfereji kando ya ukuta wa zahanati, yakafukua msingi, yakaacha mashimo. Mashimo yakajaa maji, na maji yakajaa viluwiluwi vya mbu.

Bibi mmoja alikuja kutibiwa kikohozi. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Akasimama akatazama ule mfereji, akasema, "Umetufukuzia nyoka, umetuletea korongo. Ule ukoka ndio uliokuwa umeshika udongo. Nyasi hazing'olewi, mjukuu wangu. Nyasi hunyolewa."

Maneno ya bibi yule ndiyo msingi wa nusu ya somo hili.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakafanya kazi. Ya kwanza iliwahimiza watu kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Ya pili iliwahimiza kula vizuri. Katika ua wa nyumba yako mambo hayo mawili yanakutana.

SEHEMU YA KWANZA: BUSTANI YA MBOGA

1. Kuchagua mahali

Chagua mahali penye jua kwa muda mwingi wa mchana. Pawe karibu na jiko, ili mama asiache chungu kwenda kuchuma mboga mbali, na maji ya kuoshea mboga yamwagwe hapo hapo. Pasiwe chini ya mteremko wa choo au zizi, maana mvua italeta uchafu kwenye mboga.

Anza na eneo dogo. Wengi huanza na eneo kubwa kwa furaha, na baada ya mwezi mmoja magugu yanashinda. Matuta mawili, kila moja upana wa mita moja na urefu wa mita nne, yanatosha kwa kuanza. Upana usizidi mita moja na robo, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo.

2. Kutengeneza tuta

Lima kina cha jembe, yaani kama sentimita 30. Ondoa mawe na mizizi yote ya ukoka. Ukoka ni rafiki uani, lakini ndani ya bustani ni adui. Kipande kidogo kikibaki kitaota tena.

Changanya samadi iliyooza vizuri, nusu debe hadi debe moja kwa kila mita moja ya tuta. Usitumie samadi mbichi, kwa sababu huunguza miche. Samadi iliyo tayari haina joto wala harufu kali, na ukiishika ni kama udongo mweusi.

Wakati wa mvua, inua tuta ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi fanya kinyume chake: acha kitalu kiwe chini kidogo kuliko ardhi, na kingo pembeni kama jaruba dogo la mpunga. Hapo kila tone la maji linabaki kwenye mmea.

3. Kutengeneza mboji

Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Kusanya mabua, majani makavu, majani mabichi, maganda na taka za jikoni. Chagua mahali penye kivuli. Panga hivi:

Kwanza weka mabua ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi au kinyesi cha kuku kidogo, kisha nyunyiza jivu na udongo kidogo. Mwagia maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha kifua. Funika kwa majani ya migomba au nyasi.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa na joto na unyevu, kazi inakwenda vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Baada ya majuma matatu geuza lundo, cha juu kiende chini. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Angalia sana: usiweke kinyesi cha binadamu katika bustani ya mboga, wala kinyesi cha watoto wachanga ambacho wengi hudhani hakina madhara. Mayai ya minyoo hukaa katika udongo kwa muda mrefu, na kutoka hapo huingia mdomoni kupitia mikono na mboga zisizooshwa.

4. Mboga za kuanzia

Usikimbilie mboga ngeni zenye mbegu za bei kubwa. Anza na zile ambazo mama zetu wanazijua.

Mchicha. Huu ni wa haraka kuliko wote. Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ili usimwage nyingi mahali pamoja. Chora mistari iliyoachana kama sentimita 25, nyunyiza, kisha fukia kidogo tu. Miche ikisongamana, ipunguze. Ile unayong'oa ni mboga tayari. Baada ya majuma matatu hadi manne unaanza kuchuma. Panda nusu ya tuta leo, na nusu nyingine baada ya majuma mawili, ili mboga zisikomae zote siku moja.

Matembele. Kata shina la mviringe wa viazi vitamu lenye urefu wa kama sentimita 30, fukia nusu yake. Chuma ncha changa, nazo zitachipua tena. Ukipata mbegu ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, panda hiyo. Viazi hivyo vina vitamini A nyingi. Viazi vyeupe vinashibisha, lakini havina vitamini hiyo. Kwa sisi tunaokula michembe na matobolwa, badiliko hili moja ni kubwa.

Maboga na kunde. Mboga hizi zinakupa majani na matunda pamoja. Usichume majani yote ya mmea mmoja.

Mnafu na mgagani. Mara nyingi huota zenyewe kwenye zizi la zamani. Waachie baadhi ya mimea ikomae, ukusanye mbegu. Watoto wasile matunda mabichi ya mnafu, yana sumu.

Kisamvu. Panda mihogo kadhaa pembezoni. Majani yake lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa sana bila kufunikwa, kwa sababu majani mabichi yana sumu.

Mpapai. Kila nyumba iwe na mpapai angalau mmoja au miwili. Papai bivu ni chakula kizuri sana kwa macho, na mtoto halikatai.

5. Maji wakati wa kiangazi

Najua hapa ndipo penye ugumu. Mama aliyetembea mwendo mrefu na ndoo kichwani hawezi kuimwaga yote kwenye mchicha. Basi tufanye hivi:

(a) Maji yaliyooshea mboga, mchele na vyombo visivyo na sabuni nyingi yaende bustanini. Maji yenye sabuni nyingi yamwagwe kwenye migomba.

(b) Tandaza nyasi kavu kati ya mimea. Zinazuia jua kunyonya maji. Kitalu cha mita nne kilichotandazwa nyasi kinaweza kuishi kwa ndoo moja ya lita 20 kwa siku.

(c) Mwagilia asubuhi mapema au jioni, usimwagilie jua la utosi.

(d) Ikiwa maji ni haba kabisa, tumia gunia. Chukua kopo lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, jaza mawe madogo ndani ya kopo, na udongo wenye mboji kulizunguka. Vuta kopo juu, endelea kujaza hivyo mpaka gunia lijae. Maji utamwaga kwenye mawe, nayo yatafika mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda miche humo na juu. Gunia moja halimalizi shida, lakini hutoa kitoweo mara kadhaa kwa mwezi.

6. Wadudu na sumu

Sikiliza vizuri sehemu hii. Sisi wakulima wa pamba tuna dawa za kunyunyizia nyumbani. Wadudu wakionekana kwenye mchicha, mkono unakwenda kwenye chupa ile ile. Usifanye hivyo! Pamba haiendi tumboni. Mchicha unachumwa kesho na kuliwa na mtoto. Mtu aliyekula sumu hiyo hutapika, hutoka jasho na mate mengi, hutetemeka, hupumua kwa shida, na anaweza kufa.

Kwa bustani ya nyumbani tumia njia hizi: waokote wadudu kwa mkono asubuhi, nyunyiza jivu, ng'oa mmea uliougua, na badilisha aina ya mboga katika tuta kila baada ya mavuno. Unaweza pia kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka usiku kucha, kuchuja na kunyunyizia. Ukifanya hivyo, osha mboga vizuri kabla ya kupika.

Chupa au kopo la dawa lisitumike kamwe kuwekea maji, mafuta au maziwa, hata likioshwa mara kumi.

7. Uzio

Kuku na mbuzi ni maadui wakubwa wa bustani. Zungushia miiba au fito. Wengi wetu hupanda minyaa. Ni uzio mzuri, lakini utomvu wake mweupe huumiza macho vibaya sana. Ukikata minyaa, watoto wakae mbali, nawe usijifute uso. Utomvu ukiingia jichoni, osha mara moja kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha njoo zahanati siku hiyo hiyo.

SEHEMU YA PILI: NYASI ZA UANI

Nyasi ndefu ni mbaya. Huficha nyoka, panya na vipande vya chupa. Lakini udongo mtupu nao ni mbaya. Wakati wa mvua unabebwa na maji, na wakati wa kiangazi ni vumbi machoni na kifuani mwa watoto. Kilicho bora ni nyasi fupi, zilizofunika udongo kama jamvi.

1. Kupanda. Tumia ukoka wa kawaida, ule unaotambaa. Mvua zikianza, lima juu juu, sawazisha, ondoa mawe. Kata vipande vya ukoka vyenye vifundo vitatu au vinne. Vipande vifukiwe nusu, kila kimoja kiachane na mwenzake kwa shubiri moja. Kanyaga kidogo ili mizizi ishike. Ukoka hupenda jua. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito hautastawi, na hapo ni afadhali uweke changarawe.

2. Kunyoa. Nyasi zikishika na kurefuka, zifyeke. Usiparuze udongo. Acha kimo cha vidole vitatu. Nyasi zilizokwanguliwa mpaka chini hufa, na magugu huchukua nafasi yake. Wakati wa mvua fyeka kila baada ya juma moja au mawili. Kiangazi ukoka hugeuka kahawia. Usiogope, mizizi iko hai. Usipoteze maji ya kunywa kuumwagilia.

3. Nyasi ulizofyeka usizichome. Zipeleke kwenye mboji, au zitandaze bustanini zikisha kukauka. Hivyo ua unalisha bustani.

4. Mpaka. Kati ya ukoka na bustani chimba kijifereji chenye kina cha shubiri moja, na ukate kila mzizi unaovuka. Hapo rafiki atabaki upande wake.

5. Ukanda mtupu. Karibu kabisa na ukuta acha ukanda wa hatua moja usio na nyasi wala lundo la kuni. Uweke mawe madogo au changarawe. Panya na nyoka hawapendi kuvuka mahali pa wazi, na maji ya paa hayatachimba msingi.

Sasa nisahihishe jambo moja ambalo wengi hulielewa vibaya. Kufyeka nyasi peke yake hakuondoi malaria. Mbu wa malaria huzaliwa katika maji yaliyotuama: vidimbwi, mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe, hata shimo ulilochimba mwenyewe kwa ajili ya mboji likajaa maji. Kutoka yai mpaka mbu mzima ni kama siku saba hadi kumi na nne. Kwa hiyo zunguka ua wako kila juma, fukia mashimo, mwaga maji ya makopo, funika mapipa. Na bado ulale ndani ya chandarua.

USALAMA WAKATI WA KAZI

Vaa viatu. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo wenye uchafu, kisha hunyonya damu tumboni. Ukijikata na jembe au panga, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, wala usipake samadi au udongo. Pepopunda hukaa humo. Njoo zahanati upate ushauri kuhusu chanjo. Mtu akiumwa na nyoka, asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka.

SEHEMU YA TATU: KUTOKA BUSTANINI MPAKA KINYWANI

Nimeona nyumba zenye bustani nzuri na watoto wenye upungufu wa damu. Mboga zote ziliuzwa gulioni. Kuuza si vibaya, lakini mtoto ale kwanza.

Osha mboga kabla ya kukata, si baada ya kukata, maana vitamini nyingine huondoka na maji. Pika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, isipokuwa kisamvu. Usitie magadi, kwani huharibu vitamini. Tia mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, kwa sababu mwili hauwezi kuchukua vitamini A vizuri pasipo mafuta. Kamulia ndimu au kula papai pamoja na mboga, ili mwili upate madini ya chuma yanayojenga damu. Chai usinywe pamoja na chakula. Hupunguza faida ya madini hayo.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Baada ya hapo aendelee kunyonya, na aanze kula chakula laini, pamoja na mboga za majani zilizopondwa. Mama mjamzito ale mboga, lakini pia ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Mboga peke yake hazitoshi kwake.

Mboga zikiwa nyingi wakati wa masika, kausha za kiangazi. Zitandaze kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A. Zikikauka zihifadhi katika chombo chenye mfuniko.

Na usisahau chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na miezi 18. Surua humaliza vitamini A mwilini, na watoto wengi hupoteza macho baada ya ugonjwa huo.

MWISHO WA HABARI

Mama yule wa Agosti alirudi kwake na mbegu za mchicha alizopewa na jirani. Alichimba kitalu nyuma ya jiko, chini kama jaruba, akamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Nilipopita mwezi wa Oktoba nikienda kliniki ya mkoba, ilikuwa jua linazama. Mtoto alikuwa anafukuza vifaranga waingie bandani. Alimkamata wa mwisho kwenye giza giza, karibu na ukuta, bila kujikwaa. Bibi yake alicheka akasema, "Deko limekwisha, mganga."

Nami nimepanda upya ukoka wa zahanati. Umeshika. Korongo limejazwa mawe, lakini alama yake bado ipo ukutani, nami sijaipaka chokaa. Kila ninapoingia kazini inanikumbusha kuuliza kwanza kabla ya kufundisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni miezi gani mboga za majani hukosekana? Sababu ni nini, na tunaweza kufanya nini kabla ya miezi hiyo kufika?

2. Nani katika nyumba anachota maji ya bustani? Je, baba na vijana wanaweza kusaidia kazi gani?

3. Je, kuna mtoto katika jirani zetu anayejikwaa jioni? Tufanye nini juma hili?

4. Makopo ya dawa za pamba yanawekwa wapi katika nyumba zetu?

5. Tazameni ua wa darasa lenu la kisomo. Wapi pafyekwe, wapi papandwe ukoka, wapi patengenezwe tuta la mfano?

KAZI YA JUMA HILI: Kila mwanakisomo achimbe kitalu kimoja na kufukia dimbwi moja. Mkutane tena baada ya majuma manne, kila mmoja alete fungu la mchicha wake. Mwalimu wa kisomo asiachwe nyuma, na mganga pia.